Kopo la Vifungo

Moyo wake uliruka pigo moja hasa kola ilipofika kwenye ncha, pale ambapo kitambaa hugeuzwa na sindano haitaki mzaha. Ulikuja kwanza utupu mfupi kifuani, kama wa mtu anayeshuka ngazi akidhani kidato kimoja kimebaki, kumbe vimekwisha. Kisha likafuata pigo zito lililopanda hadi kooni. Mguu wake ukabonyeza kanyagio kuliko alivyokusudia. Cherehani ikakimbia, na mshono ukaiacha ncha ya kola ukaingia katikati ya kitambaa cheupe kama njia ya mlevi.

"Fundi Kola!"

Ndivyo walivyomwita wote katika karakana ile ya sare za shule, kwa kuwa miaka tisa hakuwa ameshona kitu kingine ila kola. Wenzake ishirini na saba walikuwa na majina ya namna hiyo hiyo: Fundi Mikono, Fundi Mifuko, Fundi Pindo. Shati lilianzia dirishani likiwa vipande, likafika mlangoni likiwa zima, na aliyekosea katikati aliwachelewesha wote waliomfuata. Aliyeita alikuwa mwenye karakana, Bosi Kengele, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kengele ya mkononi aliyoipiga mwenyewe asubuhi, wakati wa chai na jioni, kana kwamba hakuna binadamu mwingine wa kuaminiwa na wakati.

Aliiokota ile kola kwa vidole viwili akaionyesha karakana nzima.

"Hii ni kola au ni ramani?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kulipa kodi.

"Samahani, Bosi. Ni moyo."

"Moyo! Umependa?" Kicheko kikaongezeka. "Shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo. Mimi nina moyo, hawa wana mioyo, hata paka wa jirani ana moyo. Mbona yetu haituharibii kola?"

Fundi Kola aliinamisha kichwa, akachukua kifumua nyuzi, akaanza kufumua. Alikuwa anasikiliza. Pigo, pigo, pigo, utupu. Pigo zito. Pigo, pigo, utupu. Katika mfuko wa aproni yake mlikuwa na ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe uliochomekwa sindano yenye uzi wa kijani. Bosi alipogeuka, aliutoa haraka, akatia mshono mmoja mfupi, kisha mwingine, akaurudisha.

Fundi Mikono, aliyeketi cherehani ya pili, alimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mdomo usiofungwa.

"Shoga, hiyo unayoshona ni sare ya panya?"

"Ni barua ya daktari."

"Basi daktari wako anasoma kwa kupapasa."

Saa nne kengele ikalia, na mlango wa jiko ukafunguka. Kigari cha chai kikaingia kikisukumwa na wifi yake Fundi Kola, mdogo wa mume wake, ambaye waliishi naye nyumba moja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia, na kazi ile ya kupika chai alikuwa ameombewa na Fundi Kola mwenyewe mwanzoni mwa msimu. Aligawa vikombe mstari hadi mstari. Kilichofunikwa kwa kifuniko cha bati alikiacha cha mwisho, akakiweka kwa mikono miwili mbele ya wifi yake.

"Kunywa yote, wifi. Usibakize hata tone."

"Tamu mno leo."

"Ndiyo dawa hiyo. Kunywa upate nguvu."

"Wengine tuna mawifi wa kutuombea tufe," alisema Fundi Mikono akipuliza chai yake. "Wewe wako anakufunikia kikombe. Mungu hagawi sawa."

*

Habari ya ule ukanda ilikuwa hivi. Siku kumi kabla, Fundi Kola alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba cha zahanati, nyaya zimebandikwa kifuani na vifundoni, akiuomba moyo wake ufanye vituko mbele ya mashahidi. Moyo ukakataa. Ulipiga kwa adabu, kama mwanafunzi mtundu aliyemwona mwalimu mkuu mlangoni. Karatasi ikatoka na milima yake midogo imepangwa sawasawa.

"Mama, kipimo hiki hakionyeshi tatizo," alisema daktari, binti mwenye miwani na uso wa kukosa usingizi.

"Daktari, siku nyingine unaruka mara mia. Naogopa hata kuvuka barabara."

"Sijasema huumwi. Nimesema umepiga picha mwizi akiwa ameshatoka. Kipo kipimo cha kuvaa mchana na usiku, lakini hapa hatuna. Kule kilipo, gharama yake..." Akaitaja.

Fundi Kola alitazama viatu vyake. Gharama ile ilikuwa mshahara wa miezi miwili.

"Basi fanya hivi," daktari akasema, sauti ikishuka. "Kila unaporuka, andika. Saa ngapi, ulikuwa unafanya nini. Uniletee."

Alitaka kutii, ila kalamu ilikuwa marufuku kwenye meza za kushonea tangu wino ulipochafua sare sitini. Tena, kuandika kulitaka macho, na macho yake yalikuwa mali ya kola. Lakini sindano ilikuwa mkononi mwake siku zote. Akakata ukanda, akaugawa kwa mistari: kila siku mstari wake. Uzi mweupe haukuonekana, kwa hiyo akachagua rangi tatu. Kijani, tangu kuamka hadi chai ya saa nne. Nyekundu, tangu chai hadi kengele ya jioni. Bluu, nyumbani. Kila moyo uliporuka, mshono mmoja. Nyuzi hizo, sindano na ukanda wenyewe, akavihifadhi katika kopo lake la vifungo.

*

Nyumbani mume wake alimkuta ameketi mlangoni, ametumbukiza uso katika beseni la maji baridi. Mume alikuwa mpaka rangi. Daima alirudi na madoa ya dari za watu kwenye nywele zake.

"Unaoga kichwa tu, mke wangu?"

"Jirani amesema maji baridi hutuliza."

"Na yametuliza?"

"Yamenilowesha."

Alicheka, kisha akaketi kando yake, na kicheko kikafia hapo. Katika mwezi ule walikuwa wamejaribu kila walichoambiwa. Alilala upande wa kulia, akalala upande wa kushoto. Alikohoa kwa nguvu. Alivuta pumzi akazizuia hadi macho yakamtoka. Aliacha chumvi, kisha mtu akamwambia ni chumvi iliyopungua, akairudia. Jumapili alipata nafuu, na kila Jumapili walidhani yamekwisha. Kila Jumatatu moyo ulianza upya safari yake ya mashimo.

"Nitauza ngazi yangu," mume alisema. "Uende ukavalishwe kile kipimo."

"Na dari utazipaka kwa kurukaruka?"

"Nitasimama juu ya meza."

"Meza ipi? Tuliyo nayo hata sahani inaiogopa."

Wifi yake alitoka ndani na kisu cha kukatia mboga, macho yamemlowa, na si kwa vitunguu. "Kaka, asiuze mtu kitu. Wifi atapona. Nampa nguvu mimi kazini, nyie hamjui tu."

"Nguvu gani?"

"Namhudumia vizuri," alisema haraka, akarudi ndani.

Hakuna aliyeyapima maneno yale. Ndani ya nyumba yenye mapenzi, watu hawachunguzani. Na mara nyingine balaa hupita hapo hapo, mlango ukiwa wazi.

*

Siku ya kurudi zahanati, wifi yake aliomba ruhusa ya saa mbili amsindikize. Bosi Kengele aliitoa kama anayeng'olewa jino, na akawaonya kwamba chai lazima iwe tayari saa nne. Walipoingia, daktari aliwaashiria viti.

"Umeandika, mama?"

"Nimeshona."

Akafungua mkoba, akatoa kopo, akaliweka mezani na kulifungua. Vifungo vikalia. Kutoka chini yake akauchomoa ukanda, akaukunjua taratibu mbele ya daktari kwa haya ya mtu anayeonyesha nguo yake ya ndani.

"Kila mshono ni mruko mmoja. Kijani ni kabla ya chai. Nyekundu, baada ya chai kazini. Bluu ni nyumbani. Hapa na hapa ni Jumapili."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. Kijani kilikuwa kimetawanyika, mishono miwili hapa, mitatu pale. Bluu ilianza kwa wingi ikapungua kadiri saa ya kulala ilivyokaribia. Jumapili zilikuwa karibu tupu. Lakini nyekundu! Nyekundu ilisongamana siku hadi siku, mshono juu ya mshono, hadi kitambaa kikawa kigumu mahali hapo kama kovu.

"Nimesoma vitabu vingi," alisema daktari polepole, "sijawahi kuletewa..." Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yameuacha ukanda, yametua kwenye kopo. Lilikuwa kopo la bati, refu, lenye picha ya farasi mwekundu anayekimbia, na chini ya kwato zake maandishi madogo ya lugha ya kigeni. Alilichukua, akalizungusha, akasoma midomo ikicheza. Alisoma mara ya pili.

"Kopo hili umelitoa wapi?"

"Hilo? Wifi aliniletea. Lilikuwa la maziwa ya unga."

"Si la maziwa."

"La vitamini," alisahihisha wifi, akitabasamu, kwa kuwa alidhani ameulizwa jambo jepesi. "Vitamini za chai. Bosi hununua msimu wa kazi nyingi. Makopo yakiisha mimi huyaosha."

"Vitamini," daktari alirudia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Dada, huu ni unga wa kuchangamsha. Kafeini, na vitu vingine viwili vya kuwafukuzia watu usingizi. Imeandikwa hapa: kipimo kisizidishwe. Na hapa, chini kabisa: asitumie mtu mwenye matatizo ya moyo."

Nje mtoto alikuwa analilia sindano, na sauti yake ilifika kama kutoka mji mwingine. Fundi Kola alimtazama farasi. Kwa wiki sita alikuwa akimwona kila jioni, akichovya vidole tumboni mwake kutafuta kifungo.

"Huwekwa kiasi gani?" aliuliza daktari.

Wifi aliacha kutabasamu.

"Vijiko vinne kwa birika. Ndivyo Bosi alivyonielekeza." Akalitazama kopo. "Na kwenye kikombe cha wifi..."

"Kwenye kikombe cha wifi, nini?"

"Naongeza viwili. Kwa kuwa mgonjwa." Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa nachepusha, Bosi asione! Nikimwona amechoka naongeza cha tatu! Nilitaka apone, daktari, wallahi nilitaka apone!"

Fundi Kola alijikuta amesimama bila kujua amesimama lini. Kifuani mwake moyo uliruka, ukatua, ukaruka tena. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumpiga yule binti, na wakati huo huo alitaka kumbeba kama alivyombeba binti huyo akiwa wa miaka minane, siku yeye Fundi Kola alipoolewa katika nyumba ile akamkuta mtoto anachechemea na msumari mguuni. Kifuniko cha bati. Kunywa yote, wifi. Usibakize hata tone.

"Kwa hiyo kila nilivyozidi kuumwa," alisema kwa sauti asiyoitambua, "ndivyo ulivyozidi kuniwekea."

Wifi alijifunika uso.

Daktari alimtaka Fundi Kola aketi, akambandika tena zile nyaya, na safari hii moyo haukuwa na adabu: karatasi ikatoka na milima iliyopandiana. Alizungumza naye kwa upole lakini bila kuficha. Moyo wake haukuonekana kuwa umeharibika, ila angemwandikia barua ya kipimo kikubwa. Mapigo ya kuruka huenda alikuwa nayo machache tangu zamani, kama watu wengi. Ule unga ndio uliokuwa ukiyachochea. Akiuacha, yangepungua. Huenda yasingekwisha kabisa. "Utaishi nayo, mama, lakini hutaishi ukiyaogopa. Ukizimia au kifua kikibana, usingoje kushona. Njoo saa ile ile." Kisha akauliza, "Wanaokunywa chai hiyo ni wangapi?"

"Ishirini na nane."

Daktari akaiweka kalamu mezani. "Mwezi huu nimewapima wanawake wanne wa karakana yenu. Wote niliwaambia wapumzike."

*

Kwenye benchi nje, wifi hakutaka kuinuka.

"Nenda peke yako. Watasema nimewalisha sumu."

"Ulijua?"

"Hapana."

"Basi simama."

"Bosi atatufukuza wote wawili. Kaka ataulisha mdomo upi aache upi?"

Hilo lilimgusa, maana lilikuwa kweli. Angeweza kunyamaza: amwage chai yake kila siku kimya kimya, kola zinyooke, mishahara miwili iendelee kuingia. Hakuna ambaye angejua. Alikunja ukanda wake, na kidole kikapita juu ya ile sehemu ngumu, nyekundu. Akamfikiria Fundi Mikono, ambaye siku hizi alikuwa akishuka ngazi za karakana ameshika ukuta na kusema ni uzee umempigia hodi.

"Saa nne inakaribia," alisema. "Twende ukapike chai."

"Chai! Wifi, umerukwa na akili?"

"Ipike kama alivyokuelekeza. Usipunguze wala usiongeze. Halafu usimpe mtu."

*

Kengele ililia. Kigari kikaingia, magurudumu yakilalamika, na wifi akakisimamisha katikati ya karakana, akabaki ameshika mpini wake kwa mikono miwili. Vikombe havikugawiwa. Vichwa vikaanza kuinuka.

"Vipi, birika limegoma?" aliuliza Fundi Mikono. "Koo langu limekauka kama pasi."

Fundi Kola alitoka kwenye cherehani yake. Alimimina kikombe kimoja, akakiweka juu ya kisahani, akatembea nacho kati ya mistari hadi kwenye meza ya Bosi Kengele. Chai ilitikisika, haikumwagika.

"Karibu chai, Bosi."

"Ya nini?"

"Msimu wote hujanywa nasi hata siku moja. Tumeona haya. Leo tunywe pamoja."

Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chao wenyewe. "Kunywa, Bosi!" mtu akapaza sauti. "Au unaogopa utashona kola kama ramani?"

Bosi naye alitabasamu, akakisukuma kikombe kwa kidole. "Ahsante. Nyie kunyweni mpate nguvu."

"Onja tu."

"Nimesema sitaki."

"Funda moja, Bosi. Ni chai."

"Hiyo siwezi!" aliruka, tabasamu likimwanguka. "Daktari amenikataza vitu vya namna hiyo, nina presha mimi! Unataka kuniua?"

Maneno yalitoka, yakasimama hewani, na hapakuwa na wa kuyarudisha. Bosi mwenyewe aliyasikia akiwa amechelewa. Mkono wake ulibaki umenyooshwa juu ya meza, ukikizuia kikombe kidogo cha chai kama vile kingemuuma.

Cherehani ya mwisho, ile ya kutoboa tundu za vifungo, iliyokuwa bado inakokota, ikazimwa. Hata wale waliofanya kazi mle tangu karakana ifunguliwe hawakuwahi kujua kwamba saa ya ukutani hutoa sauti.

"Vitu vya namna gani, Bosi?" aliuliza Fundi Mikono. Hakuwa anatania.

Fundi Kola alilitoa kopo kwenye mkoba. Vifungo alikuwa amevimimina katika mfuko wa aproni, kwa hiyo kopo lilitoa mlio mtupu alipoliweka juu ya meza, farasi akiwaelekea wanawake. Alieleza kwa maneno machache. Aliponyamaza, wifi yake aliuachia mpini wa kigari, akasema kwa sauti nyembamba lakini iliyofika hadi dirishani, "Mimi ndiye niliyekuwa nikiutia. Niliambiwa vitamini. Nisameheni."

Fundi Pindo alikuwa amekaa chini sakafuni. Mwingine alishika tumbo, kwa kuwa alikuwa mjamzito wa miezi minne na kila siku alikuwa akiomba kikombe cha pili. Mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana, walikuwa wakipeleka viganja vyao upande wa kushoto wa kifua, na kusikiliza.

"Kazini!" alisema Bosi Kengele. Akaikamata kengele, akaipiga. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi, na hakuna mguu uliogusa kanyagio. Mlio ulizunguka dari, ukafa. Akabaki ameishika imeinama, mzee mwenye kengele katika chumba kilichojaa watu.

Fundi Kola alirudi mahali pake. Pigo, pigo, pigo, utupu. Aliungoja ule mshindo wa kooni, ukaja, ukapita. Akatoa ukanda kwenye mfuko wa aproni, akatia mshono mmoja mwekundu.

Fundi Mikono alikuwa bado ameshika kifua.

"Mwezi mzima," alinong'ona. "Nami nikasema ni uzee." Akanyoosha kiganja wazi juu ya cherehani. "Nipe hiyo sindano, shoga. Na mimi nina yangu."